Picha za Zamani za Familia: Namna ya Kuziskani na Kuzitunza Ukiwa Dar es Salaam

Kazi hii ifanye kipupwe. Kuanzia Juni hadi Septemba fukuto la Dar es Salaam linapungua, picha hazinati vidoleni, na kurasa za albamu zinafunguka bila ugomvi. Ukiifungua albamu ya miaka ya 70 katikati ya masika utakuta picha zimeshikana uso kwa uso, na ukilazimisha kuzibandua, shati la babu litabaki upande mmoja na kichwa chake upande mwingine. Uso wa picha za zamani umetengenezwa kwa jelatini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikipata unyevu inalainika na kunata, ikikaa na unyevu inaota ukungu, na mende wanaipenda kama chakula. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi ukungu unaanza kazi, na sisi wa pwani tunaishi juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka.

Masika yakikukuta hujaanza, usikae bure. Ipo kazi isiyohitaji kubandua chochote, na ndiyo muhimu kuliko zote.

Watu kwanza, mashine baadaye

Wengi huanza kwa kuuliza wanunue skana gani. Mimi ningeuliza: nani amebaki kwenye ukoo anayeweza kuzitaja sura zilizomo kwenye picha hizo? Skana itakuwepo Kariakoo mwakani na miaka mingine ijayo. Shangazi mwenye miaka 84, ambaye ni yeye peke yake anayemtambua yule mwanamke wa tatu kutoka kushoto, hana ahadi hiyo.

Nenda kwake na picha chache, ishirini hivi, si sanduku zima. Mzee akichoka huanza kuitikia tu ili uondoke. Kabla ya kwenda, zipe picha namba, hata kwa kuziweka kila moja kwenye bahasha yenye namba. Ukishamwamkia na kujuliana hali, mwombe ruhusa uwashe kinasa sauti cha simu, kisha taja namba ya picha kwa sauti kabla hajaanza kueleza: "Shangazi, hii ni namba kumi na nne." Bila hivyo utarudi nyumbani na saa mbili za maongezi matamu usiyojua yanahusu picha ipi. Usiishie kwenye "huyu ni nani?" Muulize siku hiyo palikuwa na shughuli gani, mpiga picha alitoka wapi, gauni lilishonwa na nani, na nani alikuwepo lakini hakutokea pichani. Mara nyingi jina huja kwa kuzunguka: halikumbuki jina la jirani, lakini akikumbuka kwamba jirani huyo ndiye aliyemwazima mkufu, jina linafuata lenyewe.

Kwenye majina kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa kina mama Fulani. Ukiandika "Mama Rehema" chini ya picha ya 1962, na Rehema alizaliwa 1965, mjukuu atakayesoma hatajua huyo ni msichana gani. Uliza jina la kuzaliwa, jina la baba yake, na jina la utani kama lipo, kisha andika yote. Mtego wa pili ni hizi "bibi", "ba'mdogo" na "mjomba". Bibi yako wewe ni mama mkwe wa mtu mwingine na dada wa mtu mwingine, na faili lako litasomwa na watu wa matawi yote. Andika jina kamili, halafu uhusiano na mtu mmoja mnayemjua wote: "dada yake babu Fulani, tumbo moja."

Uliza pia picha zipi si za kutembezwa. Picha za ndani kwenye singo au unyago, kina mama wakiwa wamejiachia bila buibui, hazikupigwa ili zionekane kwenye statasi ya WhatsApp ya kijana wa kiume. Na yule mzee aliyekwisha kuhiji huenda hana hamu watu wamwone alivyokuwa na bugaluu na viatu vya raizoni mwaka 1974. Ziskani, ndiyo, lakini zitengee folda yake na umwandike mwenye kutoa ruhusa.

Wakati huohuo fanya sensa. Zamani picha ya studio haikusafishwa moja. Zilitoka nakala kadhaa, zikagawiwa kwa ndugu na marafiki, nyuma zikiwa na maneno ya ukumbusho na tarehe. Kwa hiyo nakala mliyoipoteza nyinyi huenda ipo salama kwa mama mkubwa aliyeolewa Tanga, au kwa binamu aliyehamia Muscat. Waulize pia waliosimamia misiba ya karibuni. Hapa mjini picha nyingi hutoka nyumbani siku ya msiba: mtu anachomoa moja kwenye albamu aende kuikuza iwekwe kwenye fremu na kwenye fulana, halafu baada ya arobaini hakuna anayekumbuka iliishia mikononi mwa nani.

Kukisia mwaka

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na pia ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Tafuta kwanza mwaka ambao picha haiwezi kuwa ya kabla yake. Geuza picha: muhuri wa studio, chapa ya kampuni ya karatasi, mwandiko. Kisha angalia kilicho nyuma ya watu. Kama Mnara wa Saa unaonekana, si kabla ya 1961. Kilimanjaro Hotel ilifunguliwa 1965. Basi lenye jina la UDA halitangulii 1974. Kabla ya hapo mabasi ya mji yalikuwa ya DMT. Jengo la soko la Kariakoo lenye yale mapaa yanayofanana na miavuli lilifunguliwa 1975. Sanamu ya Askari haitakusaidia sana, maana ipo pale tangu 1927, ingawa magari yanayoizunguka yanaweza kukusaidia.

Karatasi yenyewe inasema pia. Picha ndogo za nyeusi na nyeupe zenye kingo za menomeno ni za mtindo uliotamba hadi miaka ya 50 na kuingia kidogo ya 60. Picha ndogo za mraba za rangi mara nyingi zilitokana na kamera za Instamatic, ambazo Kodak walizitoa 1963. Tarehe ya rangi ya machungwa iliyochapwa pembeni ni ya kamera za miaka ya 80 na 90, na usiiamini moja kwa moja, kwa sababu wenye kamera wengi hawakurekebisha saa yake baada ya kubadilisha betri. Halafu kuna nakala za nakala: picha ya 1958 inaweza kuwa imepigwa upya na kusafishwa 1985 kwenye karatasi laini yenye plastiki. Karatasi inakupa umri wa nakala tu.

Msisahau kanga. Maneno ya kanga yanasomeka ukiskani kwa ukali wa kutosha, na kina mama wa rika hilo wanakumbuka kanga fulani ilitoka lini na ilinunuliwa kwa shughuli ipi kuliko wanavyokumbuka mwaka. Mara nyingine hilo ndilo linaloamua ubishi mezani.

Ukishindwa, andika "196x" au "kabla ya 1970". Kukisia tarehe kamili na kuiandika kana kwamba una hakika ni kuwachanganya watakaokuja.

Kushika na kufuta vumbi

Zima feni. Nawa mikono, ikauke kabisa, usiwe umepaka mafuta, na shika picha kwenye kingo. Tandika shuka safi mezani. Vumbi liondoe kwa brashi laini mpya, ya rangi au ya vipodozi, ukianzia katikati kwenda nje. Vumbi la nguvu lipulizie kwa kile kibofu cha mpira kinachouzwa maduka ya dawa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Usitumie kitambaa kibichi, spiriti, wala tishu zenye dawa.

Picha yenye ukungu ipeleke kivulini penye hewa, si juani, iache ikauke hadi ukungu uwe kama unga, kisha vaa barakoa na uufagie ukielekea mbali na picha nyingine. Brashi hiyo usiirudishe kwenye picha nzima. Madoa yakibaki, yaache. Kompyuta itayapunguza baadaye, kidole hakiwezi.

Picha iliyochanika usiibandike kwa selotepu. Vipande vipange kwenye kioo cha skana, uviunganishe baadaye kwenye nakala. Iliyoshikana na kioo cha fremu usiivute hata kidogo: iskani au ipige picha ikiwa humohumo ndani ya kioo. Na zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu, zilizojaa kila sebule miaka ya 80, ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu gundi yake inageuka njano na kula picha kwa nyuma. Kwanza skani ukurasa mzima ulivyo, upate mpangilio na maandishi yake. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama msumeno. Ikikataa, iache. Picha iliyobaki kwenye ukurasa ni bora kuliko nusu picha mkononi.

Skana, steshenari au simu

Ukiwa na picha mia mbili au zaidi, skana bapa ya mezani inalipa, hata mkichangishana kama ukoo na baadaye mkaiuza. Canon LiDE na Epson Perfection ni aina zinazopatikana. Zile nyembamba za LiDE zinapata umeme kupitia waya wa USB, hivyo umeme ukikatika unaendelea na kazi kwa betri ya kompyuta mpakato. Udhaifu wake ni kwamba picha iliyojikunja inatoka bila ukali pale isipogusa kioo, na hazisomi negativu, yaani ile filamu ambayo picha ilitolewa. Epson Perfection V600 ni ghali zaidi na inataka umeme wa ukutani, lakini inasoma negativu ndogo na kubwa.

Steshenari ya mtaani inaweza kukufaa kwa picha chache, mradi utoe maelekezo. Mashine zao zimewekwa kwa ajili ya vyeti: zinatoa PDF, kwa ukali mdogo, saa nyingine bila rangi. Mwambie kijana: JPEG, rangi, dpi 600 (kipimo cha ukali, nitakieleza chini), moja moja juu ya kioo. Usikubali picha zako zipitishwe kwenye kile kitundu cha juu kinachovuta karatasi zenyewe. Ikikwama humo, imekwisha. Simama hapohapo hadi mwisho, na nenda na fleshi isiyo na kitu kingine, kwa sababu utarudi nayo ikiwa na virusi. Ukifika nyumbani ichunguze kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kunakili.

Simu si ya kudharau. Ni njia pekee kwa picha ambazo mwenyewe hataki zitoke nyumbani kwake, na hao ni wengi. Kaa barazani upande wa kivuli, asubuhi au alasiri, kwenye mwanga wa anga na si wa jua kali. Weka picha bapa juu ya kitambaa cheusi kisichong'aa. Simu iwe juu yake sambamba kabisa; nyingi zina mistari ya gridi na alama ya kuonyesha kwamba umeinyoosha. Zima fleshi ya kamera na zima urembeshaji wa sura. Usiisogeze simu karibu sana, sura za pembeni zitavutika. Rudi juu kidogo, kisha kuza mara mbili. Weka taima ya sekunde mbili ili mkono usitikise. Vaa nguo nyeusi kama picha inang'aa, vinginevyo shati lako jeupe litaonekana ndani ya picha ya harusi ya watu. Kwa picha zenye mng'ao mkali, programu ya PhotoScan ya Google hupiga picha kadhaa kwa pembe tofauti na kuondoa mng'ao, ingawa inapunguza ukali kidogo. Naitumia mng'ao unaponishinda tu.

Vipimo

Dpi ni idadi ya nukta ambazo mashine inasoma katika kila inchi. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa 600. Pasipoti saizi na picha nyingine ndogo, 1200. Picha kubwa ya fremu, 300 hadi 400 inatosha. Usishawishike na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi la skana: ukipandisha picha ya karatasi hadi 2400 unasoma nyuzi za karatasi tu, na faili linakuwa zito bila faida.

Skani kwa rangi hata picha za nyeusi na nyeupe. Zile za zamani zina rangi ya kahawia kidogo, zina madoa, zina wino wa buluu wa mtu aliyetia saini. Vyote hivyo ni sehemu ya picha. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe. Marekebisho yafanyie kwenye nakala, faili la kwanza lisiguswe. Na skani nyuma ya kila picha yenye maandishi au muhuri, hata kama ni neno moja.

Kuhusu aina ya faili: TIFF haipotezi chochote, JPEG inabana. Picha moja ya 10 kwa 15 kwa dpi 600 inatoa pikseli kama 2400 kwa 3600, ambayo kwa TIFF ni kama megabaiti 26. Picha elfu moja ni gigabaiti 26, jambo ambalo diski ya leo haioni hata uzito wake, lakini bando lako litauona. Kama una nafasi, hifadhi TIFF na utengeneze JPEG za kutuma. Kama huna, JPEG ya ubora wa juu kabisa inatosha kwa familia, mradi usiifungue, kuirekebisha na kuihifadhi juu yake mwenyewe kila mara.

Picha za rangi za miaka ya 70 na 80 zilizogeuka nyekundu zina maelezo: rangi ya samawati iliyomo ndani yake hufa mapema hata gizani, ikiacha wekundu. Programu ya bure ya GIMP inaweza kurudisha sehemu kubwa ya mizani hiyo. Lakini zile programu zinazopaka rangi picha ya nyeusi na nyeupe, au kunoa sura iliyofifia, sizipendi. Zinabuni. Macho yatakayotokea si ya bibi yako, ni ya wastani wa watu wengine, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua lipi lilikuwa la kweli. Ukitaka kufurahia, furahia, ila jina la faili liseme wazi kwamba imepakwa.

Negativu

Usitupe hata moja. Negativu ina mengi kuliko karatasi iliyotokana nayo, na mara nyingi studio ilikata pembeni wakati wa kusafisha, kwa hiyo huenda humo yupo mtu ambaye kwenye picha hayupo. Ndogo za milimita 35 ziskani kwa dpi 2400 au zaidi. Zile kubwa za mraba za sentimita 6 kwa 6, ambazo studio nyingi zilitumia, 1200 inatoa picha nzuri na 2400 inatoa nzuri sana. Zishike kwa kingo, ikibidi kwa glavu za pamba. Kama skana yako ina kitufe cha kuondoa vumbi kwa mwanga usioonekana, kizime kwa negativu za nyeusi na nyeupe: fedha iliyomo inauzuia mwanga huo na mashine itaharibu picha ikidhani ni uchafu.

Bahasha ikitoa harufu ya siki, plastiki ya negativu imeanza kuoza. Itenge na nyingine mara moja, na iwe ya kwanza kwenye foleni.

Majina ya faili

IMG_20240711 haimwambii mtu kitu, na tarehe yake ni ya siku uliyoskani. Mfumo rahisi ni mwaka, tukio, mahali, namba, upande: 1968-harusi-tanga-014m kwa mbele, 1968-harusi-tanga-014n kwa nyuma. Mwaka ukitangulia, faili zinajipanga zenyewe. Usitumie nafasi wala alama za ajabu. Namba 014 iwe ileile uliyoitaja kwenye sauti ya shangazi na ileile iliyo kwenye bahasha ya picha yenyewe.

Maelezo marefu yaandike ndani ya faili kwa programu kama digiKam, ambayo ni ya bure, na pia kwenye jedwali au daftari la kawaida. Kufanya mara mbili kunachosha, lakini WhatsApp hufuta maelezo yaliyo ndani ya picha inapoituma, na daftari halifutwi na WhatsApp.

Nakala za akiba

Ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, au eksteno kama wauzaji wanavyoiita, na moja nje kabisa ya nyumba. Fleshi ni ya kusafirishia, usiifanye ghala. Ya nje ya nyumba inaweza kuwa hifadhi ya mtandaoni: Google wanatoa gigabaiti 15 bure, zikijumlishwa na barua pepe zako, na JPEG elfu moja za megabaiti nne hivi zinaingia. Hakikisha umechagua ubora wa asili, si ule wa kubana. Au mpe ndugu anayeishi Morogoro au Dodoma diski ya pili, na kila mnapokutana kwenye shughuli mbadilishane. Nenosiri la akaunti lijulikane na watu wawili. Mara moja kwa mwaka fungua faili chache uone kama zinafunguka.

Picha zenyewe zikae wapi

Kuskani hakukupi ruhusa ya kuchoma sanduku. Zitoe kwenye albamu za gundi na uziweke kwenye bahasha za karatasi nyeupe, moja moja au chache chache, si kwenye kaki wala nailoni ya kunuka. Jina na namba andika kwenye bahasha kabla ya kutia picha. Kama lazima uandike nyuma ya picha, tumia penseli laini pembeni. Kalamu ya wino inatokeza mbele.

Sanduku likae ndani ya chumba cha katikati, kabatini, mbali na ukuta wa nje, jiko na bafu. Lisikae sakafuni, kwa ajili ya mchwa na maji, wala juu ya dari chini ya mabati, kwenye joto la tanuri. Vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vinafaa ndani ya chombo kinachofunga vizuri, ila picha ziwe zimekauka kwanza, na vipakiti vibadilishwe. Vikishiba unyevu havifanyi kazi. Naftalini usiweke, mvuke wake si rafiki wa plastiki. Chumba cha kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana hakina faida: kupanda na kushuka huko kwa joto na unyevu kunazichosha picha kuliko joto la kawaida lisilobadilika. Zilizo ukutani, weka nakala, ya asili iingie sandukuni.

Kwa mnaoishi karibu na bonde la Msimbazi hili la maji si nadharia. Mafuriko ya Desemba 2011 wengi wanayakumbuka. Picha zikilowa, zisiachwe zikauke zikiwa zimeshikana. Zitenganishe zikiwa bado mbichi, suuza matope kwenye beseni la maji safi ya baridi bila kugusa uso, kisha zilaze uso juu kwenye taulo safi kivulini. Zikiwa nyingi kuliko uwezo wako, zifunge mafungu madogo kwenye mifuko na uziweke kwenye friza siku mbili hazijapita, halafu uziyeyushe fungu moja moja ukipata nafasi. Ndiyo, pamoja na samaki, mradi mifuko imefungwa.

Kugawa

Ukituma kwenye kundi la ukoo, tuma kama hati, si kama picha, la sivyo WhatsApp itaibana na kila mtu atabaki na kivuli. Familia yenye picha za mikutano ya TANU, za bandari au za mitaa ya zamani inaweza kuzungumza na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Toeni nakala ya kidijitali kwanza. Ya asili isitoke bila maandishi.

Mwisho, tengeneza folda moja yenye picha nzuri ya kila mzee na kila marehemu, mtu mmoja picha moja, na uwape watu watatu wanaopatikana kwa simu saa yoyote. Msiba ukitokea usiku, anayekwenda kuchapisha atumiwe faili, na fremu ya ukutani isichomolewe. Mchapaji atataka dpi 300. Picha ya 10 kwa 15 uliyoiskani kwa 600 inatosha A4 nzima bila kufifia. Pasipoti saizi kwa 1200 inakaribia kutosha A5. Wakitaka kuikuza hadi bango, waambie mapema kwamba sura itatoka laini, na kama negativu yake ipo, mkaiskani hiyo.